Kukoroma, plasta ya pua, na pumzi inayokatika usiku

(Muziki wa kufungua, sekunde kumi, kisha unashuka taratibu)

  

Leo tunazungumzia kukoroma. Najua tayari kuna mtu amemtazama mwenzake akacheka. Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka miaka mingi, mpaka usiku mmoja wa mwezi wa saba mwaka jana.

Wengi wenu mnajua nyumba zetu zilivyo. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, na ilipangwa kwa watu kama elfu kumi hivi. Leo tumezidi elfu hamsini. Kwa hiyo mtu akikoroma hapa, hakoromi peke yake. Nyumbani kwetu tuko saba, vyumba viwili, na katikati ni pazia la kitenge. Ukuta wa upande wa kushoto ni wetu na ni wa jirani pia, mama mmoja kutoka Burundi mwenye mtoto mchanga. Papa yangu akianza, pazia linatikisika. Mtoto wa jirani analia. Mama yake anagonga ukuta. Mama yangu anamsukuma papa, papa anageuka, ananyamaza dakika mbili, halafu anaanza tena.

Papa amenipa ruhusa kusema haya hewani, kwa sharti moja: nisiigize sauti yake. Nimekubali.

Ilifika mahali jirani akaenda kwa kiongozi wa bloku. Fikiria aibu hiyo. Mzee wa miaka hamsini na nane, aliyekuwa mwalimu kule Uvira, anaitwa kwenye kikao kwa sababu ya usingizi wake. Alirudi nyumbani hakusema kitu. Usiku ule akaketi nje kwenye kiti mpaka saa tisa, kwenye baridi ya mwezi wa sita, ili sisi tulale. Mama akamfuata na blanketi. Nilisikia wakizungumza kwa sauti ya chini, na papa akasema, "Nimewachosha watu wote."

Ndiyo maana nilianza kutafuta.

Mwezi uliofuata nilipata kibali cha kwenda Lilongwe kwa kazi nyingine ya radio. Nikapita kwenye duka la dawa mjini, nikamweleza muuzaji. Akanionyesha pakiti ndogo ya plasta za pua. Labda umeziona kwenye televisheni, mchezaji anakimbia na kitu kama bandeji kimepita juu ya pua yake. Ndizo hizo. Mtu aliyezibuni ni Mmarekani wa jimbo la Minnesota, Bruce Johnson, ambaye pua yake mwenyewe ilikuwa ikiziba. Mwaka 1993 serikali ya Marekani iliruhusu ziuzwe, na mwezi wa kwanza mwaka 1995 mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, Jerry Rice, alivaa moja kwenye fainali yao kubwa, dunia nzima ikaona. Hata farasi wa mashindano huvalishwa za kwao. Mwaka 2014 kulikuwa na mjadala mkubwa kule New York kama farasi aitwaye California Chrome aruhusiwe kukimbia na plasta puani. Aliruhusiwa. Hakushinda.

Muuzaji aliniambia, "Dada, hii inamaliza kukoroma kabisa." Nikaamini. Nikalipa pesa ambayo nyumbani ingetununulia unga wa wiki nzima. Kwenye minibasi, tukipita Kanengo na Lumbadzi, nilikuwa nimeishika pakiti ile mkononi kama mtu aliyebeba dawa ya ukoo mzima.

(Muziki mfupi)

Sasa ngoja nikueleze kitu hiki kinafanyaje kazi, kwa sababu ukikielewa utajua kama kinakufaa kabla hujatoa hata kwacha moja.

Weka kidole juu ya pua yako, pale juu kwenye mfupa. Shuka nacho taratibu. Kuna mahali mfupa unaisha na pua inaanza kuwa laini. Ndani, chini kidogo ya hapo, ndipo mahali pembamba kuliko pote katika njia nzima ya hewa. Watu wengine wamezaliwa na wembamba uliozidi. Wengine walipigwa au walianguka, ukuta wa katikati wa pua ukapinda. Wengine wana mafua yasiyoisha, na hapa kwetu sababu hazikosekani: vumbi la mwezi wa tisa na wa kumi, moshi wa mbaula, au babula kama tunavyosema sisi wa Kivu, blanketi ambalo halijaona jua tangu mvua zianze.

Plasta ya pua ina vipande viwili vyembamba vya plastiki ndani yake, kama spiringi. Ukiibandika, vinataka kunyooka, na vikinyooka vinavuta kuta za pua kwenda nje. Njia inapanuka kidogo. Hakuna dawa ndani yake. Kuna aina nyingine pia, kidude laini cha plastiki kinachoingizwa ndani ya matundu ya pua na kuyasukuma yawe wazi. Kazi ni ileile, moja inavuta kwa nje, nyingine inasukuma kwa ndani.

Sasa fanya hivi. Huu ni mtihani wa bure, na nisingenunua chochote kama ningeujua kabla. Funga mdomo. Vuta hewa kwa pua, kawaida tu. Halafu weka vidole viwili kwenye mashavu, pembeni mwa pua, kulia na kushoto, uyavute mashavu taratibu kuelekea masikioni. Vuta hewa tena. Kama umehisi hewa imeingia kwa urahisi zaidi, basi tatizo lako, au sehemu yake, liko pale kwenye wembamba wa pua, na plasta inaweza kukusaidia. Kama hakuna tofauti yoyote, weka pesa yako mfukoni.

Fanya sasa hivi, mimi nasubiri. Wewe uliyeko kinyozi, waambie na wengine wafanye.

(Kimya, sekunde tano)

Lakini sauti ya kukoroma haitoki puani. Wengi hatulijui hilo. Sauti inatoka nyuma zaidi, kwenye koo: ile nyama laini ya juu mwisho wa mdomo, kimio, na mzizi wa ulimi. Ukilala, nyama hizo zinalegea, na hewa ikipita inazitikisa kama upepo unavyotikisa shitingi ya plastiki iliyopigwa misumari vibaya. Pua ikiwa imeziba, unavuta hewa kwa nguvu zaidi, na nyama za koo zinavutwa pamoja nayo. Umewahi kunywa soda kwa mrija laini, ukavuta sana, mrija ukabanana? Koo linafanya hivyohivyo, kwa sababu halina mfupa wa kulishikilia.

Kwa hiyo ukifungua pua, mvuto unapungua, na mtu anayekoroma kwa sababu ya pua anaweza kutulia. Lakini kama koo lenyewe ndilo linalobanana, umefungua mlango wa nyumba ambayo ukumbi wake umeanguka.

Usiku wa kwanza tulimbandikia papa. Alikuwa ameosha uso kwa sabuni na kujifuta vizuri, maana pua yenye mafuta haishiki plasta. Tukalala. Na kweli, sauti ilipungua! Haikwisha, lakini pazia halikutikisika. Asubuhi jirani alimsalimia mama kwa mikono miwili. Usiku wa pili hivyohivyo. Nilijiona daktari.

Usiku wa tatu mdogo wangu wa miaka kumi na moja, anayelala karibu na pazia, akaniamsha. Akasema, "Yaya, papa hakoromi, lakini anasimama."

Nikamuuliza anasimama wapi. Akasema, "Anasimama kupumua."

Nikakaa kitandani nikasikiliza. Papa alikuwa anapumua kwa sauti ya chini, inapanda, inapanda, halafu kimya. Kimya kabisa. Nikachukua simu nikahesabu sekunde. Kumi na nane. Halafu akashtuka kama mtu aliyetolewa mtoni, akavuta hewa kwa nguvu, akaendelea. Baada ya dakika mbili, kimya tena. Sekunde ishirini na tano. Katika nusu saa nilihesabu mara kumi na nne. Zamani kelele zilikuwa nyingi hata hatukuwahi kusikia ule ukimya katikati yake. Plasta ilipunguza kelele, ukimya ukasikika.

Niseme ukweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu tuvuke ziwa. Sikulala tena. Kila akinyamaza nilikuwa nataka kumgusa mguu.

(Muziki mfupi)

Ugonjwa huu upo, na unajulikana. Ni pumzi kukatika usingizini kwa sababu koo limefunga. Madaktari wanahesabu kila mara pumzi inapokatika kwa sekunde kumi au zaidi, na pia zile mara inapopungua sana bila kukatika kabisa. Ikitokea mara tano au zaidi kwa saa moja, wanaanza kuuita ugonjwa. Ikifika thelathini kwa saa, ni mkali. Kila mara pumzi ikikatika, ubongo unamwamsha mtu kidogo, bila yeye kujua, ili avute hewa. Anaamka mara mia usiku mmoja na asubuhi anakuambia amelala vizuri. Moyo nao unafanya kazi ya mchana usiku kucha. Ndiyo maana watu hawa mara nyingi wana presha ya damu iliyo juu, na wengine dawa za presha hazishuki nazo mpaka usingizi utibiwe.

Na plasta ya pua haitibu ugonjwa huu. Inaweza kupunguza sauti ikaacha hatari palepale. Hilo muuzaji hakuniambia, na sidhani alikuwa na nia mbaya.

Nikakumbuka mambo mengine tuliyoyachukulia kama uzee. Papa alikuwa anaamka na kichwa kinauma kila asubuhi. Anasinzia kanisani, anasinzia kwenye foleni, mara moja alisinzia akiwa ameshika kikombe cha chai. Anaamka kukojoa mara tatu, mara nne. Anasahau. Anakasirika haraka, yeye aliyekuwa mpole. Ukiona mambo hayo kwa mtu anayekoroma, hasa ukisikia ule ukimya na kushtuka, usiende duka la dawa. Nenda kwenye kituo cha afya.

Kwenye kituo chetu hapa kambini muuguzi alimpima presha: 170 kwa 105. Kawaida ni chini ya 120 kwa 80, na kuanzia 140 kwa 90 inahesabiwa kuwa juu. Papa hakuwahi kujua. Muuguzi akauliza anatumia dawa gani. Papa akatazama chini. Ikatoka kwamba kwa karibu mwaka mzima alikuwa ananunua vidonge vya usingizi, kimoja kimoja, kwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Tangu yale yaliyotupata njiani papa hakuwa analala vizuri, na alipoitwa kwenye kikao akaongeza vidonge viwe viwili, akidhani akilala zaidi atakoroma kidogo.

Ndugu yangu, hapa nisikilize vizuri. Vidonge vya usingizi vinalegeza koo zaidi, na vinaufanya ubongo uchelewe kushtuka pumzi ikikatika. Pombe inafanya vilevile, na kachasu zaidi kwa sababu ni kali. Mtu ambaye pumzi yake inakatika usiku, ukimpa vidonge hivyo, unamwongezea sekunde za kimya. Lakini kama umevitumia muda mrefu, usiviache kwa siku moja, kwa sababu kuviacha ghafla nako kuna hatari yake. Mwambie muuguzi, hatakufokea, atakupunguzia polepole. Na kama kinachokunyima usingizi ni yale uliyoyaona, sema hivyo pia. Kituo cha afya kinajua kusikiliza mambo hayo, na si aibu.

Papa alipewa dawa za presha, na karatasi ya kwenda Lilongwe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Safari yenyewe ilichukua wiki tatu kupangwa, kibali, nauli, tarehe. Sitaeleza yote, wengi mnaijua njia hiyo. Daktari alimfungua mdomo, akatazama, akapima shingo kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 44. Kwa wanaume, shingo inayozidi 43 ni moja ya dalili, kwa wanawake 40 hivi. Lakini wembamba pia wanaupata, usijipime shingo ukatulia.

Akatueleza kuna mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisifunge. Ilibuniwa Australia na daktari Colin Sullivan, akaitangaza mwaka 1981, na mpaka leo ndiyo tiba kubwa ya ugonjwa huu. Inahitaji umeme wa uhakika na inagharimu pesa nyingi. Jina la papa limeandikwa. Tunasubiri.

(Muziki mfupi)

Wakati tunasubiri, kuna mambo tunayofanya, nayo hayana gharama, na yanamfaa hata mtu anayekoroma tu bila ugonjwa.

La kwanza ni kulala ubavu. Ukilala chali, ulimi unaanguka nyuma. Mama alishona mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu ya papa, akaweka ndani yake mpira wa majumbo, ule watoto wanaoutengeneza wenyewe. Papa akigeuka chali usiku, mpira unamsukuma, anarudi ubavuni. Watoto walidai mpira wao siku mbili, halafu wakatengeneza mwingine. Hii imesaidia kuliko plasta, nasema kweli.

Tumeinua pia kitanda upande wa kichwa, tofali moja kila mguu. Usirundike mito, mito inakunja shingo na kubana koo.

Pua tunaiosha kwa maji ya chumvi. Chemsha maji mpaka yatokote dakika tatu, yaache yapoe. Kikombe kimoja cha maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vuta kidogo kwa kila tundu, penga. Maji lazima yawe yamechemshwa, hata kama ni ya bomba na unayanywa kila siku. Kuna kijidudu cha majini ambacho ukikinywa hakikudhuru, lakini kikipanda puani kinaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra sana, lakini kuni za dakika tatu si nyingi.

Na mbaula itoke nje kabla ya kulala. Hilo tumelisema kipindi kingine kwa sababu ya ile hewa ya makaa inayoua bila harufu. Leo naliongeza kwa sababu ya pua.

Msikilizaji mmoja wa Lisungwi aliuliza wiki iliyopita kuhusu dawa ya matone inayofungua pua. Inafungua, ndiyo, ndani ya dakika chache. Lakini ukiitumia zaidi ya siku tatu au nne mfululizo, pua inaizoea na inaziba kuliko mwanzo. Na mwenye presha asiiguse bila kuuliza.

Mwingine aliuliza kama anaweza kutumia plasta ya kawaida, ile ya kidonda, abandike puani. Haitafanya kitu, haina spiringi ndani. Na tafadhali, tafadhali, usitengeneze kipanuzi chako mwenyewe kwa kukata kifuniko cha kalamu au mrija ukaingiza puani. Kinaweza kukata nyama ya ndani, au ukakivuta mpaka kooni ukiwa usingizini. Na kufunga mdomo kwa gundi ili upumue kwa pua, nimesikia vijana wameona kwenye simu, usifanye. Pua ikiziba usiku utapumulia wapi?

Wewe uliyefanya mtihani wa mashavu ukaona tofauti, na huna ule ukimya wa usiku, na umepata plasta: bandika kwenye ngozi kavu, isiyo na kidonda wala upele, katikati ya pua, si juu kwenye mfupa na si chini kwenye ncha. Isikae zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku. Asubuhi ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu ndipo uitoe, usiing'oe kikavu. Watoto wadogo chini ya miaka mitano wasibandikwe.

Na hapa mama zangu: mtoto anayekoroma kila usiku si wa kuchekwa wala wa kubandikwa. Mara nyingi ana nyama zilizovimba nyuma ya pua, au tezi za koo kubwa. Ukimwona analala mdomo wazi, amerudi kukojoa kitandani, shuleni anasinzia au hatulii kabisa, mwalimu anasema ni mtukutu, mpeleke aonwe. Na mama mjamzito ambaye hakuwa anakoroma sasa ameanza, amwambie muuguzi siku ya kliniki, apimwe presha siku hiyohiyo.

Namna ya kuhesabu usiku ni rahisi. Mtu mmoja abaki macho nusu saa, baada ya mgonjwa kulala saa moja hivi. Akisikia kimya, ahesabu moja kwa moja mpaka pumzi irudi. Kila kimya cha kumi au zaidi, chora mstari kwenye karatasi. Ukiweza kurekodi sauti kwa simu, rekodi. Karatasi ile na sauti ile, peleka kwa muuguzi. Muuguzi wetu alisema karatasi ya mdogo wangu, yenye mistari kumi na minne ya kalamu ya penseli, ilimsaidia kuliko maelezo yangu yote. Kwa nini ya mdogo wangu? Kwa sababu usiku ule mimi nilihesabu kwa simu, yeye alikuwa anachora gizani, sikujua.

Plasta zimebaki nne kwenye pakiti. Papa anavaa moja akiwa na mafua tu. Jana usiku nilihesabu tena nusu saa, akiwa ubavuni na mpira wake mgongoni: mistari mitano. Jirani hajagonga ukuta wiki hii. Alikuja jana jioni kuazima futi ya mama, anataka kupima shingo ya mume wake.

(Muziki wa kufunga)